LilyPond, ABC au MuseScore: Ipi Imfae Mwalimu wa Kwaya Anayepanga Nota Mwenyewe?

Karatasi za nota zinazozunguka katika kwaya nyingi za Dodoma na wilaya za jirani, kuanzia Mpwapwa hadi Kondoa, mara nyingi ni kopi ya kopi ya kopi. Mwalimu wa kwanza aliandika kwa mkono, akatoa kopi, kopi ikasafiri ndani ya bahasha hadi kwaya nyingine, ikadurufiwa tena huko, na inapomfikia mwanakwaya wa besi anayekaa benchi la nyuma, nukta za nota zimekwisha kufutika na ubeti wa tatu umegeuka madoa.

Mwalimu anayeamua kuziandika upya kwa kompyuta ana njia mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza ni kuuandika wimbo kwa herufi, kama mtu anayeandika barua, kisha kuiachia programu ichore mistari mitano, nota na maneno. LilyPond na ABC ziko upande huu. Ya pili ni kuziweka nota moja moja juu ya ukurasa unaouona, kwa kipanya au kwa kibodi, na inayotumiwa zaidi huko ni MuseScore. Zote tatu hazilipiwi, kwa hiyo bei haitatusaidia kuchagua. Nimezitumia zote kwa kwaya ya sauti nne, na ninavyoona mimi, uamuzi hutegemea zaidi kazi inayokuja baada ya kopi ya kwanza kutoka: masahihisho, kushusha ufunguo, kuongeza ubeti, kukusanya nyimbo za mwaka mzima katika kijitabu kimoja.

Wimbo ulioandikwa kwa herufi

LilyPond ilianzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, waliotaka kompyuta itoe nota zenye sura ya zile zilizochongwa kwa mkono na mafundi wa zamani wa Ulaya kwenye mabamba ya chuma. Haina ukurasa wa kubofya. Unaandika faili la maandishi matupu, unaliendesha, na unapata PDF. Huu hapa ni wimbo mdogo wa vipimo vinne nilioutunga kwa ajili ya mfano tu:

```
\version "2.24.0"

melodia = \relative g' {
  \key g \major
  \time 3/4
  g4 a b | c2 b4 | a g a | g2. \bar "|."
}

maneno = \lyricmode {
  Mvu -- a i -- na -- nye -- sha U -- go -- go
}

\score {
  <<
    \new Voice = "kwanza" \melodia
    \new Lyrics \lyricsto "kwanza" \maneno
  >>
}
```

Anayeuona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amepewa adhabu, lakini kilichomo ni kichache. Ufunguo ni wa G na mapigo ni matatu. Namba 4 ni robo nota, namba 2 ni nusu nota, na nukta huongeza urefu kama inavyofanya kwenye karatasi. Ukishataja urefu mara moja, nota zinazofuata huurithi mpaka utakapotaja mwingine, ndiyo maana a na b za mwanzo hazina namba. Kistari cha wima hutenganisha vipimo. Maneno yamekaa kando, peke yake, na amri ya mwisho inaiambia programu iyapange chini ya sauti inayoitwa "kwanza". Majina "melodia", "maneno" na "kwanza" niliyachagua mwenyewe. Amri zenye mkwaju wa nyuma ndizo za Kiingereza, na hizo hazina budi kukaririwa.

Mtego unaowanasa wengi siku ya kwanza ni huu: katika LilyPond, kusema kwamba ufunguo ni wa G hakuigeuzi F kuwa shapu. Unapaswa kuandika *fis* kila inapotokea, kwa kuwa programu huandika sauti unayoitaja, si alama unayotarajia kuiona. Ukiandika f tupu, utapata F ya kawaida yenye alama ya kuondoa shapu mbele yake. Mtego wa pili unawahusu walimu waliokulia kwenye do-re-mi. LilyPond inakubali majina hayo ukiweka amri `\language "italiano"`, lakini do hiyo ni C siku zote na haihami na ufunguo kama do yetu ya kwaya, kwa hiyo mwenye mazoea ya sol-fa ataandika wimbo mzima mahali pasipo pake asigundue mpaka ausikie.

Sishauri mtu aanze LilyPond bila kihariri kiitwacho Frescobaldi, kilichotengenezwa na Wilbert Berendsen, nacho pia ni cha bure. Upande mmoja wa kioo kuna maandishi na upande wa pili kuna ukurasa uliochorwa. Ukibofya nota, kielekezi kinaruka hadi kwenye herufi yake. Nikiwa nacho, niliuzoea uandishi huu kwa muda wa wiki mbili hivi za jioni. Vijana wanaosomea kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) waliouona waliuelewa kwa dakika ishirini, jambo lililonipunguzia majivuno.

ABC kwa ufupi

ABC ni ndugu mwepesi wa LilyPond. Ilitokana na kazi ya Chris Walshaw wa Uingereza, aliyekuwa akiandika nyimbo za kienyeji kwa herufi za kawaida na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa programu ya kuzichora. Wimbo uleule unaandikwa hivi:

```
X:1
T:Mvua
M:3/4
L:1/4
K:G
G A B | c2 B | A G A | G3 |]
w: Mvu-a i-na-nye-sha U-go-go
```

Mistari saba tu, na inaweza kutumwa kwa ujumbe wa simu kama ilivyo. Tena ABC huufuata ufunguo: chini ya K:G, herufi F ni F shapu bila kusema zaidi. Kwa melodia ya sauti moja yenye maneno, kwa mfano kiitikio cha zaburi, sijaona njia ya haraka kuipita. Kwa sauti nne inawezekana, kwani ina alama ya kutenganisha sauti, ila kila unapotaka ukurasa upangike kwa namna fulani unajikuta unatafuta maagizo ya ziada yanayotofautiana kutoka programu moja ya kuchora hadi nyingine. Mimi huitumia kama daftari la kunukuu.

Ipo pia MusiXTeX, inayoandikwa ndani ya TeX, mfumo wa kupanga vitabu na makala kwa maandishi ya amri, lakini kwa mwalimu wa kwaya asiyeitumia TeX kwa kazi nyingine sioni sababu ya kupita mlango huo.

Ukurasa unaoonekana

MuseScore ilianzishwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka 2002, na toleo la 4 lilitoka Desemba 2022. Unachagua muundo wa kwaya ya sauti nne, unataja ufunguo na mapigo, na ukurasa mtupu unakungoja. Wengi hudhani kazi yake ni ya kipanya mwanzo hadi mwisho, kumbe ukibonyeza N, kisha 5 kwa robo nota, halafu herufi za nota, unaandika kwa kasi isiyopungua ile ya LilyPond. Nota inalia unapoiandika. Ukimaliza, unabonyeza kitufe cha nafasi na wimbo unaimba.

Hapo ndipo MuseScore inapozipita nyingine waziwazi. Mwalimu anayefundisha kwaya ambayo nusu yake haisomi nota anahitaji faili la sauti ya pili peke yake, alitume kwenye kundi la WhatsApp siku ya Jumatano ili Jumamosi watu waje wakiwa wanajua. MuseScore hutoa mp3 moja kwa moja, na unaweza kunyamazisha sauti nyingine. LilyPond hutoa MIDI, yaani faili la maagizo ya nota lisilo na sauti yenyewe, ambayo lazima uigeuze kwa programu nyingine kabla ya kuituma. Ninayaandika haya nikiwa mpenzi wa LilyPond, na bado sauti za kujifunzia nazitoa kwa MuseScore.

Kuhusu vifaa, kompyuta kuukuu ya biti 32 haitaendesha MuseScore 4 na itabidi mtu abaki na toleo la 3. Vinanda na sauti nzuri za ziada za toleo la 4 ni za hiari na ni gigabaiti nyingi, kwa hiyo asizipakue anayetumia bando la simu.

Maneno ya Kiswahili chini ya nota

Programu hizi zilitengenezwa na watu wasioimba kwa Kiswahili, lakini lugha yetu inazirahisishia kazi kuliko wanavyojua. Silabi ya Kiswahili huishia na irabu. "Mungu" ni Mu-ngu, "ng'ombe" ni ng'o-mbe, "wote" ni wo-te. Ninaona karatasi nyingi zilizoandikwa "Mun-gu", kosa lililoigwa kwenye vitabu vilivyopangwa na wageni, na waimbaji wanaifuata karatasi kwa uaminifu, wakaifunga sauti ya n kabla ya wakati.

Kwa sababu ya utaratibu huo, anayetumia maandishi ana njia ya mkato ambayo Mwingereza hawezi kuipata kwa urahisi. Unabandika beti zote kama zilivyo kwenye kihariri chenye uwezo wa kutafuta na kubadilisha kwa ruwaza, kisha unaagiza kwamba kila irabu inayofuatwa papo hapo na herufi nyingine iwekewe baada yake nafasi, vistari viwili na nafasi. Kwa amri moja beti sita zimekatwa silabi. Yanabaki masahihisho ya mkono ya aina mbili. Moja ni m inayosimama yenyewe kama silabi, kwa mfano katika "mtoto" au "mlango", ambayo mtunzi ama ameipa nota yake ama ameibana pamoja na silabi inayofuata; hapo huna budi kuusikiliza wimbo. Nyingine ni maneno ya mkopo kama "Alhamisi" na "daftari", ambayo konsonanti zake mbili amri hiyo itazisukuma upande mmoja.

Katika MuseScore unaweza kunufaika na ujanja uleule. Ukishakata maneno mahali pengine kwa kistari kimoja kimoja, unayanakili, unabofya nota ya kwanza, unabonyeza Ctrl+L, na kila ukibonyeza Ctrl+V silabi moja inaingia na kielekezi kinasogea. Bado unabonyeza mara moja kwa kila silabi, ila huchapi tena.

Tofauti kubwa hujitokeza unapokosea. MuseScore huifunga kila silabi kwenye nota yake. Ukigundua kwamba katika kipimo cha tano umeruka nota moja na ukataka kuiingiza, nota mpya kwa kawaida hulala juu ya iliyopo badala ya kuisukuma. Ipo hali ya kuingiza, lakini ukiisahau unabaki unahamisha nota na maneno kwa mkono. Katika LilyPond unaongeza herufi moja, na maneno yote yanajipanga upya kwa sababu hufuata mfululizo wa nota. Ubaya wake ni wa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Niliwahi kusahau upinde mmoja wa kuunganisha nota mbili zinazobeba silabi moja. Kuanzia hapo kila silabi ilitangulia nota moja hadi mwisho wa ubeti, nami nikiwa na haraka sikuusoma ukurasa wa pili. Nilitoa kopi arobaini. Sauti ya tatu ndiyo iliyogundua, katikati ya mazoezi, na kicheko chake nilikistahili.

Kinga dhidi ya makosa ya urefu wa nota ipo: kile kistari cha wima cha LilyPond ni askari wa lango. Kipimo kikizidi au kikipungua mapigo, programu hutoa onyo na kukutajia namba ya mstari. Maonyo hayo yasipuuzwe hata kama PDF imetoka.

Mazoezi yakishafanyika

Baada ya mazoezi ya kwanza mpiga kinanda husema soprano wanaumia, tushuke. Katika MuseScore unachagua wimbo mzima, unafungua menyu ya kuhamisha ufunguo, na kazi imekwisha. Katika LilyPond unaandika `\transpose g f` mbele ya melodia, na wimbo unashuka kutoka G hadi F. Faida ya ziada ni kwamba faili la asili halijaguswa, na ukitaka kutoa funguo zote mbili kwa kwaya mbili, ni mistari miwili tu. Kwa wimbo mmoja hilo ni jambo dogo. Kwa kijitabu cha nyimbo sitini, LilyPond inakuwezesha kuweka ukubwa wa nota, pambizo na fonti katika faili moja linaloitwa na nyimbo zote, na ukibadilisha hapo, kijitabu kizima hubadilika. Nilipofanya kazi ya namna hiyo kwa MuseScore, nilifungua wimbo mmoja baada ya mwingine, na kufikia wa ishirini nilikuwa nimesahau pambizo la ule wa kwanza lilikuwa la milimita ngapi.

Mafaili ya maandishi yana fadhila nyingine isiyosemwa sana: ni madogo, kilobaiti chache, na yanasomeka hata programu isipokuwepo. Umeme ukikatika na kompyuta ikifa, melodia inaweza kusomwa kwenye simu.

Dukani kwa kopi

Mwisho wa yote karatasi itatolewa steshenari, iwe Majengo, Area C au karibu na nyumbani, na mwenye duka hana programu yoyote kati ya hizi. Peleka PDF kwenye flashi na usipeleke faili lenyewe la wimbo. LilyPond huanza na A4. Katika MuseScore kagua ukubwa wa ukurasa kabla ya kutoa PDF. Zote mbili huanza na mistari mitano yenye kimo cha takriban milimita 7, ambayo inatosha kabisa kwa mwanga wa mchana. Ukitaka kubana wimbo uingie ukurasa mmoja, LilyPond ikiwekwa ukubwa wa pointi 18 badala ya 20 hufikia milimita 6.3, na chini ya hapo wazee wa besi watalalamika.

Kuna duka nililopeleka PDF, na mashine yao ikawa imewekwa kupunguza ukurasa ili ukae ndani ya pambizo la printa. Nota zilitoka ndogo na pambizo la kushoto likawa pana bila sababu. Tangu siku hiyo huomba kopi moja kwanza, niipime kwa rula, ndipo nitaje idadi. Kama kitabu kitafungwa kwa spairo, acha pambizo la kushoto lisilopungua milimita 20, la sivyo matundu yatakula ufunguo wa mwanzo wa mstari.

Kwa mpangilio wa ukurasa, jicho langu huipa LilyPond ushindi. Hupima wimbo mzima kabla ya kuamua mstari ukatike wapi, hivyo ni nadra kuachiwa kipimo kimoja kikielea peke yake chini. MuseScore hujaza mstari mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi utalazimika kuweka mikato mwenyewe. Ni kazi ya dakika tano.

Sol-fa, na nyimbo za Kigogo

Wanakwaya wengi wakongwe husoma d r m kuliko mistari mitano. Hakuna kati ya hizi iliyotengenezwa kwa ajili ya sol-fa ya vitabu vya zamani yenye nukta mbili na vistari. MuseScore inaweza kuandika majina ya do inayohama ndani ya vichwa vya nota, kwenye mipangilio ya sauti, jambo linalosaidia sana kufundishia. Katika LilyPond huwa naandika d r m kama ubeti wa ziada chini ya maneno. Anayetaka sol-fa tupu atafanya vyema zaidi kwa jedwali la programu ya kawaida ya kuandikia.

Nyimbo za Kigogo ni suala jingine, na ndizo zilizonifanya nijifunze LilyPond. Atakayejaribu kuandika muziki wa zeze na ilimba (kinanda kidogo cha kupigwa kwa vidole gumba) wa Chamwino, ule ambao marehemu Hukwe Zawose aliufikisha kwenye majukwaa ya ng'ambo, atagundua upesi kwamba sauti hazikubaliani mahali pa kuanzia kipimo, na kwamba baadhi ya sauti hazimo kwenye kinanda. LilyPond ina amri `\cadenzaOn` inayosimamisha hesabu ya vipimo kabisa, na ina majina ya nota za robo toni. MuseScore ina alama za robo toni pia, lakini msingi wake ni kipimo, na kila unapotaka kukiondoa unakificha tu, nacho kinaendelea kuhesabu chini kwa chini.

Kuhama

Agosti 2024 watengenezaji wa Finale, programu ya kulipia iliyokuwapo tangu 1988 na ambayo walimu kadhaa ninaowafahamu waliitegemea, walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Mwenye mafaili ya Finale ayatoe mapema kwa muundo wa MusicXML, unaosomwa na programu nyingi za nota, wakati programu bado inafunguka kwenye kompyuta yake. MuseScore huyapokea hayo vizuri. LilyPond hupewa pamoja na chombo kiitwacho `musicxml2ly`, kinachogeuza nota na maneno, ingawa mpangilio wa ukurasa utaufanya upya.

Kurudi ndiko kugumu. LilyPond haina njia kamili ya kutoa MusicXML. Frescobaldi hujaribu, na matokeo yake hayajakamilika. Kwa hiyo mwalimu ambaye mrithi wake katika kwaya atakuwa mtu wa kipanya aandike kwa MuseScore tangu mwanzo, hata kama yeye mwenyewe anapenda herufi. Mimi nimegawa: wimbo wa Jumapili ijayo unaandikwa MuseScore, viitikio vinakaa katika ABC kwenye simu, na kijitabu cha kwaya pamoja na nyimbo za Chamwino viko LilyPond, katika folda moja yenye karatasi iliyochapwa inayoeleza namna ya kuliendesha kila faili.